Mgeni Hasimamishwi Mlangoni

Nina ugomvi na foleni. Sizungumzii foleni ya kivuko cha Kigamboni, wala ya benki siku ya mshahara, wala ile ya magari ya Mbagala alfajiri. Hizo, kila aliyemo ndani yake angeshukuru zikifutwa kesho. Ugomvi wangu ni na foleni inayopendwa: ile inayopigwa picha, ile ambayo mtu akishaimaliza anaisimulia kwa majivuno kama aliyeshuka kutoka Kibo, kumbe alichokifuata ni sahani ya saladi.

Ninaishi katika eneo la Ghuba ya San Francisco, jimbo la California. Hapa chakula cha Burma kina wapenzi wengi, na migahawa yake imeenea kutoka San Francisco hadi Oakland na miji ya jirani. Mmoja kati ya hiyo unatajwa kuliko mingine yote. Siutaji jina, kwa sababu ninalolilalamikia si lake peke yake. Ni desturi ya mji mzima. Utaratibu wake ni huu: huwezi kupiga simu ukawekewa meza. Unafika, unaandikisha jina na namba ya simu, unaambiwa muda wa makadirio, kisha unasimama kando ya barabara mpaka simu yako ilie. Jumamosi jioni, kusubiri dakika 90 ni jambo la kawaida. Kufikisha dakika 120 si habari ya kumshangaza mtu.

Nimeshaambiwa na watu waungwana, wenye elimu zao, kwamba huu ndio utaratibu wa haki kuliko yote. Tajiri na maskini mstari mmoja. Hakuna kujuana, hakuna meza ya mheshimiwa. Aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kula. Maneno matamu. Mimi nasema si kweli, na nasema zaidi: kwamba katika vyakula vyote vya dunia hii, cha Burma ndicho kilichostahili kuwa cha mwisho kuuzwa kwa namna hiyo.

Tuanze na chakula chenyewe. Sahani inayowasimamisha watu ni lahpet thoke, yaani saladi ya majani ya chai. Burma ni miongoni mwa nchi chache ambako chai hainywewi tu, bali pia inaliwa. Majani machanga huchumwa, hasa katika milima ya Jimbo la Shan, yakapikwa kwa mvuke, yakashindiliwa na kuachwa yachachuke kwa miezi. Yakitoka huko yana kijani kilichokolea na ladha ya uchungu na uchachu kwa pamoja, ladha ambayo ulimi wa mara ya kwanza huishangaa na wa mara ya pili huitafuta. Hutiwa mafuta na kuchanganywa na vitunguu saumu vya kukaanga, karanga, ufuta, jamii ya kunde na dengu zilizokaangwa mpaka zinalia mdomoni, uduvi mkavu, nyanya, pilipili na ndimu. Waburma wana msemo wao: katika matunda, bora embe, katika nyama, bora nguruwe, katika majani, bora lahpet.

Ambalo menyu haikwambii ni kazi ya chakula hiki kwao. Lahpet ni cha mgeni. Mtu akija nyumbani huwekewa chombo cha mviringo chenye vyumba vyumba, katikati majani ya chai, pembeni karanga, ufuta na vinginevyo, pamoja na birika la chai isiyo na sukari. Huwekewa mapema, kabla shida iliyomleta haijaulizwa. Huliwa harusini. Huliwa siku mtoto wa kiume anapoingizwa monasteri kwa mara ya kwanza. Zamani kilikuwa pia chakula cha suluhu: waliogombana wakipatana hula lahpet pamoja, na katika mashauri, pande mbili zikiikubali hukumu, zilikula lahpet kuonyesha kwamba maneno yamekwisha. Msomaji wa pwani akumbuke tambuu, jinsi bibi zetu walivyokuwa hawawezi kumwacha mgeni aondoke bila kumsogezea kijaluba. Lahpet ni ndugu wa tambuu. Maana yake ni moja: umefika, keti, huna ubaya na mimi.

Chukua chakula hicho sasa, chakula ambacho kazi yake ni kumwingiza mgeni ndani, halafu kifanye kiwe sababu ya mgeni kusimama nje muda wa saa mbili. Kama ungetaka kumtania Mburma usingepata utani mkali kuliko huo.

Wala si lahpet peke yake. Maisha ya Yangon yamejengwa juu ya kukaa kitako. Kuna maduka ya chai kila mtaa, yenye vigoda vifupi vya plastiki vinavyomwagika mpaka kando ya barabara, na juu ya kila meza chupa ya chai ya rangi ambayo hailipiwi. Unaagiza kikombe kimoja cha chai ya maziwa, unazungumza siasa, mpira na habari za jirani, na hapana anayekuuliza utaondoka lini. Ni vijiwe vya kahawa vya Mombasa na Unguja, ila kahawa imekuwa chai. Asubuhi huuzwa mohinga, tambi za mchele kwenye mchuzi mzito wa samaki, na mteja huketi palepale kwenye kigoda akala akaenda kazini. Hata salamu yao ya kila siku ni ya jikoni. Wakikutana huulizana: umeshakula wali?

Julai ya mwaka juzi mama yangu mkubwa alikuja kutoka Tanga kunitembelea. Ana miaka 70 na ushei, na magoti yake hayajambo wala hayajaponi, ni ya kubembelezwa. Baba yake, babu yangu, alikuwa askari wa keya. Alikuwamo katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, lile jeshi la vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland lililoteremka Bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua kubwa, likafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba. Babu hakupenda kusimulia vita. Alichokisimulia ni matope na homa. Basi Mama Mkubwa aliposikia kwamba mji huu una chakula cha Burma, alisema, “Nipeleke nikale chakula cha huko alikonusurika baba.”

Tulifika saa kumi na mbili kasorobo jioni. Kijana wa mlangoni, mpole kabisa, aliandika jina akatuambia dakika 45. Kiti hapakuwa nacho hata kimoja. Ukungu ulikuwa umeshateremka, ule ukungu wa Ghuba ambao mwezi Julai hukufanya usahau kwamba ni kiangazi. Mama Mkubwa alijitanda kanga juu ya koti, akaegemea ukuta. Ilipopita nusu saa akaniuliza, “Mwanangu, mwenye nyumba ni nani hapa?”

Nikamwambia mwenye mgahawa hatujamwona.

“Simuulizi wa kumiliki,” akasema. “Namuuliza wa kusema karibu.”

Dakika 45 zilizaa nyingine mpaka zikafika 110. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kipandio cha duka la jirani aliinuka akampisha, naye akamwombea dua ndefu kwa Kiswahili ambayo yule kijana aliitikia kwa tabasamu. Tulipoingia, chakula kilikuwa kitamu. Nalisema waziwazi ili asije mtu akadhani nalaumu mapishi. Mhudumu aliikoroga saladi mbele yetu huku akitaja kila kilichomo. Mama Mkubwa alipotafuna uduvi alicheka: “Kumbe wanakula kama sisi.” Zilipokuja tambi zenye mchuzi wa kuku na nazi hakusema kitu, alikula tu, na kwa mtu wa Tanga kunyamaza mbele ya nazi ya mwenzio ni sifa kubwa. Kisha akaanza kuzungumza habari za babu, mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Hakuyamaliza. Dakika 50 baada ya kuketi bili ilifika kabla hatujaiomba, pamoja na neno la adabu kwamba kuna wengine wanasubiri nje. Na kweli walikuwepo, nyuso zao zimebanana kwenye kioo, wanatutazama tunavyotafuna.

Tulisimama dakika 110 ili tuketi dakika 50. Hesabu hiyo ndiyo inayoitwa haki.

Haya, tuipime haki hiyo. Foleni haipunguzi bei ya chakula. Inaweka bei ya pili juu ya ile iliyoandikwa kwenye menyu, na bei hiyo hulipwa kwa miguu na kwa saa. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara katika jimbo la California kilikuwa dola 16.50 kwa saa. Dakika 110 kwa kima hicho ni dola 30 na senti 25, zaidi ya bei ya saladi yenyewe. Kwa mhandisi wa programu mwenye mshahara wa mwezi, Jumamosi jioni haina bei. Kusimama kwake ni matembezi, mkononi ana kahawa, pembeni ana rafiki. Kwa anayelipwa kwa saa, Jumamosi jioni ni zamu. Akiiacha, ameilipia foleni kwa fedha taslimu. Akiwa na mtoto wa kuachiwa mlezi, ameilipia mara mbili.

Ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mmoja wa wenzangu ni mama wa Yangon ambaye sote tunamwita Anti. Hufanya zamu mbili, ya mchana na ya usiku, na kila anaponipokea kazi huuliza swali lilelile la kwao, umeshakula wali, na ukisema bado hufungua kontena lake la chakula. Nilimuuliza kama amewahi kula kwenye ule mgahawa. Alisema alikwenda mara moja, akaiona foleni, akarudi kwake kupika. Hakusema kwa hasira. Alisema tu kwamba kwao, mtu mwenye njaa akisimama nje ya mlango wako, aibu ni ya mwenye nyumba.

Safari nyingine ukipita hapo, tazama nani hayumo kwenye mstari. Hayumo mama mwenye mtoto mchanga. Hayumo mgonjwa wa kisukari ambaye lazima ale kwa saa yake. Hayumo mtu wa kiti cha magurudumu, kwa kuwa muda wa saa mbili kando ya barabara yenye mteremko si mchezo. Hayumo dereva anayesubiri abiria wa programu ya simu. Hayumo Anti, ambaye chakula ni chake. Foleni inayojisifu kwamba haichagui mtu imeshachagua kabla haijaanza. Na yule tajiri ambaye tunaambiwa kwamba amesawazishwa nasi, naye ana njia yake: Marekani kuna watu ambao kazi yao ni kusimama foleni kwa niaba ya wengine, kwa malipo. Miguu imekuwa bidhaa, na mwenye fedha hununua.

Utaniambia: lakini foleni ni ushahidi, watu wengi hivyo hawawezi kukosea. Mwaka 1991 mwanauchumi Gary Becker wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambaye mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Nobel, aliandika makala fupi kuhusu jambo la Palo Alto, mji wa hukuhuku kwenye Ghuba. Palikuwa na migahawa miwili ya samaki, karibu inatazamana. Mmoja haukupokea maombi ya meza, na kila siku saa za chakula ulikuwa na foleni ndefu. Wa pili ulikuwa na chakula cha kulingana, huduma ya kulingana, bei juu kidogo tu, na viti vitupu. Becker akauliza swali la mwanauchumi: kwa nini huu wenye foleni haupandishi bei? Jibu lake lilikuwa kwamba hamu ya mtu mmoja hukua kwa kuona hamu ya wenzake. Pandisha bei, mstari ufupike, na huenda watu wote wakahamia upande wa pili wa barabara.

Kwa lugha ya mtaani, foleni ndiyo bango. Mgahawa haulipi gharama ya bango hilo, kwa kuwa bango ni wewe, umesimama pale na njaa yako, unawatangazia wapita njia kwamba ndani kuna kitu. Mwaka 1969 Stanley Milgram na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya jijini New York. Walimsimamisha mtu kando ya barabara atazame juu kwenye dirisha la ghorofa ya 6. Mmoja alipotazama, asilimia 4 ya wapita njia walisimama. Watazamaji walipokuwa 15, asilimia 40 walisimama. Watu walisimama kwa sababu watu wamesimama. Sisi tuna neno lake, kufuata mkumbo, na bibi zetu hawakutumia neno hilo kumsifia mtu.

Ninalolichukia zaidi katika mtindo huu ni jinsi unavyofanya ugumu wa watu kuwa pambo. Mtanzania hafundishwi foleni. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wazazi wetu walipanga foleni za sukari, sabuni, unga na mafuta ya kupikia. Waliweka mawe, ndoo na kandambili zishike nafasi zao usiku, wakarudi alfajiri kusimama nyuma ya jiwe. Waulize leo kama wana picha ya siku hizo. Walikuwa na haya ya kusimama, na hasira, na watoto wa kulisha.

Burma nako ilikuwa hivyo, tena kwa muda mrefu zaidi. Jenerali Ne Win alitwaa nchi mwaka 1962 akatangaza Njia ya Kiburma ya Ujamaa. Maduka yakataifishwa, yakaja maduka ya wananchi, na vitu vikawa vya mgawo. Nchi ambayo kabla ya Vita Kuu ya Pili iliongoza dunia kwa kuuza mchele nje, mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio letu la Arusha, wananchi wake walihangaika kutafuta mchele. Waburma waliohamia California katika miaka iliyofuata waliikimbia hali hiyo. Halafu wajukuu wa waliokuwa na shibe wanasimama mbele ya mlango wa Mburma, wanapiga picha ya mstari, na wanaandika chini yake kwamba kusubiri ni sehemu ya raha. Kwa nani?

Najua upande wa mwenye mgahawa. Kodi ya nyumba katika miji hii ni kubwa, faida ya chakula ni nyembamba, na mteja anayewekewa meza asitokee humtia hasara. Wengi ni wahamiaji waliojenga biashara kwa mikono yao, nami mhamiaji mwenzao siwezi kuwaombea mabaya. Siwaombi wapandishe bei, wala siwaombi wafunge mlango. Ninayoyaomba hayafiki hata gharama ya taa za jina la mgahawa. Tengeni nusu ya meza kwa wanaopiga simu, ili mwenye zamu ajue atakula saa ngapi. Mzee na mwenye mtoto mchanga waingie kwanza. Hakuna kijana mwenye akili timamu atakayelalamika. Muda mnaomwambia mteja uwe wa kweli. Bili ije ikiitwa. Na nje wekeni benchi, na juu ya benchi chupa ya chai ya rangi na vikombe. Muuza chai wa Yangon, ambaye mteja wake humwachia vijisenti, huyamudu hayo kila siku. Mama ntilie wa Kariakoo naye huyamudu: benchi lake limejaa, atakwambia, sogea hapo mwanangu, kaa, nakuja.

Atatokea wa kusema: hukulazimishwa, ungekwenda kwingine. Kwingine naenda, na nawashauri wengine waende. Kuna migahawa midogo ya Kiburma katika miji hii ambayo haijapata bahati ya kupigwa picha, na mohinga yao haina kilema. Na tangu jeshi lilipopindua serikali tarehe 1 Februari 2021, jumuiya za Waburma hufanya mabaraza ya chakula, mara nyingi kwenye monasteri, ambako kina mama huuza walichokipika ili kuchangia waliofukuzwa makwao. Huko nako kuna msongamano. Lakini nilipokwenda na Anti, sikusimama dakika 10 kabla mtu hajanitia kikombe cha chai mkononi, bila kuniuliza mimi ni nani. Kwa hiyo jibu la “nenda kwingine” halinitoshi. Foleni inafundisha. Ikisifiwa vya kutosha, kila mwenye mgahawa mpya ataitaka, na mtindo wa mji wenye fedha hausafiri kwa miguu. Nawaandikia ninyi mlioko Dar es Salaam, Nairobi na Kampala mkiwa bado na wa kuwaambia sogea hapo, kaa.

Na kuna mlango mwingine, mkubwa kuliko wa mgahawa. Katika muongo uliopita, Wakongo na Waburma walikuwa miongoni mwa makundi makubwa zaidi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani. Wengi wa Wakongo hao husema Kiswahili. Wamekaa darasa moja la Kiingereza na Waburma, wameshiriki ngazi moja ya nyumba za kupanga, na kabla ya hapo wote walikuwa mabingwa wa kusubiri. Kambi ya Mae La, upande wa Thailand, ipo tangu 1984. Kambi ya Nyarugusu, kwetu Kigoma, ipo tangu 1996. Wamo humo watu waliozaliwa, wakaoa, wakazaa, wakiwa kwenye orodha. Hiyo ndiyo foleni ya kweli ya watu hawa, na wala haina mlio wa simu wa kukuambia meza iko tayari.

Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi. Mwezi Juni mwaka huohuo Myanmar, ndilo jina rasmi la Burma tangu 1989, ikaingizwa katika orodha ya nchi ambazo raia wake wanazuiwa kuingia. Ndani ya nchi yenyewe, waliokimbia makwao kwa vita wanazidi milioni 3. Mama au binti anayeyachuma majani yale milimani Shan hawezi kupanda ndege kuja kuona jinsi yanavyogombewa. Majani yamevuka, mchumaji amezuiwa, na nje ya mgahawa mstari unazidi kurefuka wa watu wanaosema wanaipenda Burma.

Jirani yangu, Mmarekani, mtu mwema, alinisifia juzi uvumilivu wake: dakika 130 bila kulalamika. Nilimwambia miguu hiyo ni ya thamani, aitumie vizuri. Ana kura, mimi sina. Ana mbunge wake Washington, na mbunge huyo ana ofisi mjini hapahapa, ina viti, na mtu anaweza kuingia akauliza kwa nini watu wa chakula anachokipenda wamefungiwa mlango. Nimepita mbele ya ofisi hiyo mara nyingi nikielekea kazini. Sijawahi kuona foleni.